Ngoma ya Kusimama

Jumapili, 7 Machi 1999

Leo Madamu Mukagasana amezikataa ngoma. Si mimi — ngoma! Ndivyo alivyosema, kana kwamba kuna tofauti.

Hoteli yake ina baraza moja tu linalotazama ziwa. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunapiga hapo: Védaste na gitaa lake, mdogo wangu Keza anaimba, mimi nyuma na zile ngoma za kukaa tulizoazima parokiani. Madamu anasema zinakula nafasi ya meza mbili. Tena wageni wake wa heshima wamelalamika — mwanamke mzima kukaa ametanua magoti mbele za watu! Nilijishonea sketi pana kama hema kwa ajili hiyohiyo. Haikusaidia kitu.

Nilitaka kuacha. Kule Karagwe nilipiga kanisani miaka sita na hakuna aliyeuliza magoti yangu yako wapi. Tangu turudi Rwanda kila kitu changu kina mtu wa kukikagua.

Jioni Védaste kaja nyumbani na ganda la santuri ya marehemu baba yake, amelivusha mpakani kutoka Goma ndani ya gazeti. Picha: mtu mwembamba, suti nyeupe, amesimama — amesimama! — mbele ya ngoma moja ndefu kama kinu, inamfika kiunoni. Juu anapiga kwa brashi. Chini kuna pedali, na nyundo yake inapanda kupiga ngozi ya chini. Sahani moja ya shaba imechomekwa ubavuni. Basi. Nafasi ya kiti kimoja.

— Unaona? Ule mutu anasimama, Védaste kasema. Batasema nini tena? Weye si uko fundi? Tengeneza.

Nikamwambia mimi fundi wa cherehani. Akasema fundi ni fundi.

Keza kaitazama picha muda mrefu. Akauliza huyo mpigaji anasimama nyuma au mbele. Mbele, Védaste kamjibu, bega kwa bega na mwimbaji.

Jumanne, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Sebagabo, anayetengeneza majiko ya mkaa na ndoo za kumwagilia karibu na soko. Nimempa picha. Ameigeuza, ameisogeza mbali na macho.

— Ngoma ya kusimama. Na mwanamuke njo atapiga?

— Ndiyo, mzee.

— Kwetu mwanamuke hapigi ngoma.

— Hii si ngoma ya kwetu, mzee. Ni kinu chenye ngozi.

Kacheka mpaka kakohoa. Kisha akanipima kwa kamba, kutoka sakafuni mpaka kiunoni, bila kunigusa, kama mimi ninavyopima wateja wazee. Kaandika kwa chaki ukutani. Themanini na tano.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mimi ambaye siimbi!

Alhamisi, 18 Machi

Debe! Tumetengeneza debe. Sebagabo kakunja bati safi, kalipiga ribiti, tukavalisha ngozi ya mbuzi juu na ya ndama chini, nikapiga — mlio kama mtu anayeangusha ndoo kisimani. Tukajaza matambara ndani. Ikawa ndoo yenye mafua. Keza alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake jeupe. Sebagabo kanuna. Kasema bati halina kosa, kosa ni la yule mzungu wa picha.

Itabidi mbao. Mbao nyembamba, plaiwudi, iliyokunjwa mviringo. Lakini inakunjwaje bila kupasuka? Vipande viwili vimeshapasuka.

Jumapili, 28 Machi

Siku nzuri kuliko zote tangu tuhamie hapa. Naandika nikiwa na matope mpaka magotini.

Wazo ni la Keza! Kasema: Dada, watu si wanachemsha viazi kule Nyamyumba? Basi tuchemshe mbao. Baada ya misa tukabeba plaiwudi kichwani, yeye mbele mimi nyuma, kwa miguu, ziwa upande wa kulia mwendo wote. Njiani watu wanauliza tunakwenda kujenga nini. Nyumba ya sauti, Keza anawajibu. Tukazitumbukiza kwenye chemchemi ya moto, tukaziwekea mawe juu. Wanawake waliokuja kuoga miguu wakatusaidia kuzikandamiza. Saa moja na nusu — zikalainika kama ngozi! Tukazifunga kwa kamba kuzunguka pipa la mtu, palepale, zikapoa zikiwa duara.

Keza aliimba njia nzima ya kurudi. Ana miaka kumi na tisa na sauti inayomfanya mpita njia asimame. Mama angemsikia! Alipofariki Keza alikuwa na miaka kumi na miwili. Namna nilivyomlea sijui kama ilikuwa sawa, lakini leo niliitazama shingo yake chini ya ule mzigo nikasema moyoni, huyu nimemfikisha.

Jumatano, 7 Aprili

Maombolezo ya mauaji ya mwaka tisini na nne yameanza. Hakuna muziki popote. Mbao zinakauka kwa Sebagabo, zimefunikwa.

Jumatatu, 19 Aprili

Pedali ndiyo iliyotutoa jasho. Pedali ya kawaida nyundo yake inakwenda mbele. Hii lazima ipande. Sebagabo kajaribu breki ya baiskeli, kajaribu bawaba ya mlango. Mguu wangu haukukubali hata moja.

Leo asubuhi nimelitoa chini ya kitanda lile pedali la chuma la cherehani ya Mama. Cherehani yenyewe ilibaki Karagwe, ilishaliwa na kutu. Nilibeba pedali tu. Watu waliniuliza kwa nini nabeba chuma kutoka Tanzania. Nilijua?

Keza kauliza kama nina hakika. Nikasema Mama alitulisha kwa chuma hiki, hakitakasirika kucheza kidogo.

Sebagabo katia ekseli katikati, kafunga fimbo nyuma, kichwa cha nyundo nikakishona mimi kwa kofia kuukuu ya sufu. Springi ya kiti cha baiskeli inalirudisha. Nikikanyaga mbele, nyuma inapanda. Chini ya ngozi ya juu tumekaza nyuzi mbili za breki ili ilie kama mchanga. Sahani ya shaba Védaste kaitoa Goma. Nikasimama. Nikakanyaga.

DUU!

Sebagabo kavua kofia.

Jumamosi, 1 Mei

Nitaandika haraka kabla haijapoa.

Tumepiga! Baraza limejaa, Sikukuu ya Wafanyakazi, watu wa ofisi na familia zao. Nimesimama kushoto kwa Keza, hatua moja tu kutoka kwake, gauni la bluu, viatu vya chini. Hakuna wa kutafuta magoti yangu. Sikujua kwamba ukisimama ngoma inakuja mpaka tumboni! Mguu unafanya ulichofanya maisha yake yote kwenye cherehani, mikono iko huru, uso uko wazi. Miaka yote nilikuwa nawaona watu kupitia mwanya wa sahani. Leo niliwaona wote. Nao wakaniona.

Wimbo wa tatu watu wakageuza viti. Mama mmoja mzee akapiga vigelegele. Mgeni mmoja wa shirika akapiga picha. Madamu Mukagasana mwenyewe kaniletea Fanta — mkononi mwake, si kwa mhudumu — akasema hii ngoma inafaa baraza lake kama ilizaliwa hapo.

Keza aliimba vizuri. Njiani kurudi hakuimba. Nikamuuliza, kasema koo.

Jumapili, 9 Mei

Mvua. Ngozi zimelegea, jana nilizikausha kwa jiko la mkaa kabla ya kila wimbo. Bado watu walikuja. Wanauliza, yule dada wa ngoma yupo?

Madamu kaleta ile picha. Mimi nimo mzima, meno nje, mikono hewani. Keza ameingia kiwiko. Kiwiko tu na pindo la gauni. Nikasema mpigapicha hajui kazi. Keza kasema anajua sana. Nikadhani ni utani.

Védaste kaomba nimfundishe binamu yake Wellars, mpigaji wa Goma ambaye kazi zimemwishia huko. — Bon, siku moja utagonjwa, tutafanya namna gani? Keza kadakia haraka: sawa tu, Dada, utapumzika. Nimekubali. Kwa nini nisikubali?

Jumanne, 25 Mei

Wellars ana mikono mizuri na mguu wa mbao. Anakanyaga kama anaua mende. Lakini ni kijana mwenye adabu, ananiita Dada Dafroza, anakuja na maandazi. Nimemfundisha kukaza nati kwa msalaba, si kwa kufuatana. Nimemfundisha mlango wa kila wimbo wa Keza, mahali anapovuta pumzi, mahali anapochelewa. Mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Amejifunza.

Keza huja kututazama. Huwa amevaa vizuri. Haya, nimeelewa, sikuzaliwa jana! Nimefurahi. Wellars si mtu mbaya.

Jumamosi, 12 Juni

Naandika bila kuvua viatu.

Nimefika hotelini saa saba na nusu, kama kawaida. Ngoma imeshafunguliwa, imeshawekwa. Wellars amesimama nyuma yake. Shati jipya la hariri. Védaste anakaza nyuzi za gitaa, hanitazami.

Nikasema habari za mchana. Wakajibu. Nikasimama hapo na vijiti vyangu kama mtu aliyekosea nyumba.

— Dada, leo upumuzike kidogo, Védaste kasema.

— Sijachoka.

— Pumuzika tu.

Madamu Mukagasana akaja kunishika mkono, kwa sauti ya chini, sauti ya msibani. Pole sana na ugonjwa, mwanangu. Ungetuambia mapema. Ukianguka juu ya watu hapa, na chuma kile, sisi tungesema nini?

Ugonjwa gani?

Akanipapasa bega na kuondoa mkono upesi. Na Keza — Keza alikuwa pembeni anaweka hereni mbele ya kioo kidogo. Nilimwona kwenye kioo. Aliniona.

Sikukaa. Nyuma yangu nikasikia mgeni anauliza nani kaunda ngoma hii ya ajabu. Védaste kasema: njo mimi. Yeye, eti!

Jumapili, 13 Juni

Védaste nimemkuta nje ya kanisa. Nikamuuliza mbele ya mkewe. Alianza na mimi sijui, akamaliza na yote. Wiki tatu sasa wanafanya mazoezi Goma, wao watatu. Wiki tatu! Nami nilikuwa nampikia Keza chakula kinakaa, anasema amekwenda kwaya.

— Banasema uko na igicuri. Kifafa. Donc mi ningefanya nini?

— Nani wanasema?

— Muulize mudogo wako. Yeye njo alimwambia Madamu.

Nikamuuliza yeye aliamini? Anafanya kazi na mimi mwaka mzima. Akaangalia viatu. Kasema Wellars ni damu yake, nisimfanye achague.

Jumatatu, 14 Juni

Hakukataa. Hilo ndilo sikulitegemea. Nilijiandaa kwa uongo, nikapewa ukweli.

Alikuwa anachambua mchele. Nikauliza: ulisema nini kwa Madamu? Akaendelea kuchambua. Kisha: — Nilisema huwa unaanguka. Si ulianguka?

Mara moja, Keza! Mara moja maishani. Mwaka tisini na tano, njiani tukirudi, siku ya pili bila kula. Nilikuwa nimebeba mzigo wangu na wake. Yeye ndiye aliyenimwagia maji usoni akilia kwa jina langu. Na hilo ndilo kalichukua akalipeleka sokoni.

Nikamuuliza kwa nini. Nilitaka aseme Wellars. Ningeweza kuishi na Wellars. Msichana anapenda, anafanya ujinga, yanapita.

Kasema: — Ulipokuwa unakaa nyuma walikuwa wananitazama mimi.

Hivyo tu. Kaweka ungo chini. Akasema yeye hana kitu kingine, ana kusimama pale tu na kuimba. Mimi nina cherehani, nina mikono, nina kila mtu mtaani anayesema Dafroza jasiri, Dafroza kamlea mdogo wake. Nikatengeneza ngoma nikaja kusimama ubavuni mwake, nikamchukulia na hapo. — Hata mbao nilikusaidia kubeba! kasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Sikumpiga. Sijawahi. Nilitoka nikasimama uani nikiwa na mwiko mkononi, sijui nilitaka kupika nini.

Ningeelewa kama angekuwa mtu wa nje.

Alhamisi, 17 Juni

Neno la kifafa limefika chumba cha kushonea. Uwase, tunayekaa naye meza moja miaka miwili, leo kaniletea chai kwenye kikombe cha bati. Vyao vya udongo. Eti mate yangu yanaambukiza. Saa sita mteja kaja kuchukua kitenge chake, kakiomba kabla sijakikata. Mkasi umehamishwa upande wa pili wa meza. Wanafanya kwa upole. Upole huo!

Nimepita kwa Sebagabo kwa sababu miguu ilinipeleka. Naye ameshasikia. Nilikuwa na kile kikombe cha bati mkononi, hata sikumbuki kukibeba, maji ndani. Akakichukua, akanywa mpaka mwisho, akanirudishia.

— Ile ngoma tulitengeneza mi na weye, kasema. Na mutu mwenye kuanguka hawezi kukanyaga pedali namna ile. Batu ni bajinga.

Nililia hapo kwenye majiko yake. Kaendelea kugonga bati ili wapita njia wasisikie.

Jumanne, 22 Juni

Keza analala kitanda chake, mimi changu. Tunapeana chumvi. Jana kaniambia Wellars atatuma wazee wake kuja kwetu. Kwetu ni nani? Ni mimi. Mimi mwenye kifafa nitakaa kitini kuwapokea.

Jumamosi, 26 Juni

Nimefanya jambo.

Nimekwenda hotelini saa tano asubuhi, watu bado. Ngoma iko barazani chini ya ile kava ya turubai niliyoishona mimi. Nimeivua. Wellars ameshachana ngozi ya juu ukingoni — anakaza kwa kufuatana, nilimwambia! Nikatoa spana kwenye mkoba. Nati nne. Mhudumu kasimama na trei ananitazama. Madamu kaja, kauliza nafanya nini.

Nikasema nachukua cha mama yangu. Kingine chote wabaki nacho.

Kasema kwa upole, keti kwanza mwanangu, utaanguka. Nikamwambia: Madamu, nimesimama mbele yako wiki sita nikipiga kwa saa tatu bila kukaa. Nilianguka lini? Akafungua mdomo. Alikuwa anahesabu, nadhani. Hakupata siku.

Nimelibeba kifuani mpaka nyumbani. Ni zito kuliko lilivyokuwa. Mchana walipiga bila ngozi ya chini. Majirani wanasema ilikuwa kama mtu anayekung'uta mkeka.

Jumamosi, 3 Julai

Saa saba na robo mchana. Hotelini kuna harusi saa nane — watu wakubwa, kutoka Kigali. Sebagabo wamemwendea mara mbili awaundie pedali nyingine. Kasema mafuta yamekwisha, gesi imekwisha, mgongo unauma.

Keza yuko hapa. Kaja na gauni la jukwaani kwenye hanga, kavaa, kanigeuzia mgongo: nifunge kishikizo, Dada. Nilisimama nikamfunga. Mikono ilifanya yenyewe, kama ilivyofanya tangu ana miaka kumi na miwili.

Kisha kasema anaomba pedali. Madamu kawaambia, leo wakiharibu tena, atawaondoa wote. Wote, na mwimbaji.

Nikamwambia chukua. Lakini kabla ya wimbo wa kwanza, ushike kipaza sauti, useme mbele ya Madamu na mbele ya Wellars: dada yangu haumwi, nilidanganya.

Kasema: nitasema wiki ijayo. Nikasema leo. Kasema wazee wa Wellars watakuwepo, wakisikia kwamba ameoa — kwamba anataka kuoa mwongo, basi. Nikasema na wakisikia dada wa mchumba ana kifafa, hiyo je? Kasema hilo wameshalizoea.

Wameshalizoea!

Nimekaa mezani nikafungua daftari hili kwa sababu nikifungua mdomo nitasema neno ambalo halirudi. Naye amekaa ukingoni mwa kitanda chake, mikono mapajani, ananitazama nikiandika. Hajui naandika nini. Hajaondoka. Gari la Védaste limepiga honi mara mbili barabarani, mara ya pili ndefu.

— Dada, kasema sasa hivi. Njoo upige wewe. Nitamwambia Wellars akae.

— Na utasema?

Anafungua na kufunga hereni moja.

Pedali liko chini ya meza, nililiweka hapo tangu wiki jana. Mguu wangu wa kulia uko juu yake, naona unakanyaga. Taratibu, mwendo wa wimbo wake wa kwanza. Keza ameinamisha kichwa anautazama mguu. Anahesabu, midomo inamcheza. Tumefika mahali pake pa kuingia, kavuta pumzi —

Honi tena.